Umechaguliwa kuingia seneti ya chuo? Soma hii kabla ya kikao cha kwanza

Haya hongera, walimu wenzako wamekupigia kura na sasa we ni mjumbe wa seneti, siku chache kabla ya kikao utatumiwa furushi la makabrasha halafu hujui pa kuanzia. Anzia hapa.

Kwanza jua seneti ni ya nini na si ya nini, manake wageni wengi vikao vyao vya mwanzo vinaishia kulalamikia vitu ambavyo seneti haina mamlaka navyo. Seneti ni chombo cha taaluma, yaani vigezo vya udahili, kozi zipi zifundishwe, kanuni za mitihani, kuidhinisha matokeo, nani atunukiwe shahada. Hela, majengo na ajira za wakubwa ni za baraza la chuo, ambalo kwa kawaida lina watu wengi wa nje. Ukisimama kulalamika kuhusu mishahara mwenyekiti atakusikiliza kwa heshima zote, atakushukuru, ataendelea na ajenda inayofuata.

Ila mipaka haifanani kila mahali kwahiyo tafuta sheria ya chuo chako na kanuni za seneti uzisome mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Vyuo vingi vya mfumo wa Kiingereza seneti ina mamlaka makubwa kwenye taaluma. Marekani mara nyingi bodi ya wadhamini ndo yenye neno la mwisho, lakini hata huko kuna tamko la mwaka 1966 lililoandaliwa na AAUP, chama cha maprofesa, pamoja na vyama vya vyuo na vya bodi zenyewe, linasema mtaala, ufundishaji na utafiti ni jukumu la msingi la walimu, na bodi ikienda kinyume nao iwe kwa nadra na sababu zitolewe. UNESCO nayo kwenye pendekezo lake la 1997 inasema walimu wawe na haki ya kuchagua wajumbe walio wengi kwenye vyombo vya taaluma. Shika hizo mbili, siku mtu akikwambia walimu hawana kauli utakuwa na cha kujibu. Na kauli yenyewe si ya mapambo, pale Oxford mwaka 2006 walimu kwenye mkutano wao mkuu waliukataa kwa kura mpango wa kuwapa watu wa nje wingi kwenye baraza la chuo, na makamu mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa anautaka.

Sasa chukua orodha ya wajumbe na kalamu. Weka alama kwa walioingia kwa nyadhifa zao (makamu mkuu wa chuo, manaibu, wakuu wa vitivo, mkutubi mkuu), halafu alama nyingine kwa waliochaguliwa kama wewe, halafu wanafunzi. Msajili mara nyingi ndo katibu, hapigi kura lakini ndo anajua kila kitu kilipo, huyo mheshimu sana. Hesabu. Kama wenye vyeo ni wengi kuliko waliochaguliwa basi ujue hoja ya kupingana na uongozi haitapita kwa kelele, itabidi upate wakuu wa vitivo wawili watatu upande wako mapema. Angalia pia nani mwenyekiti, kuna vyuo ni makamu mkuu mwenyewe na kuna vyuo walimu wanamchagua mmoja wao, na hiyo inabadilisha kabisa hali ya hewa ya kikao.

Kitu ambacho watu wanachelewa kukielewa ni kwamba seneti yenyewe haijadili sana, mambo mengi yanakuja yameshapikwa. Programu mpya inaanzia idarani, inakwenda bodi ya kitivo, inakwenda kamati ya mitaala, ndo inafika seneti, na ikifika hapo watu wamechoka wanataka kupitisha. Kwahiyo kama una la kusema lisemee kwenye kamati, na ukiulizwa unataka kamati gani omba ya mitaala au ya mitihani, ndo kuna kazi. Kamati za sherehe waachie wanaopenda sherehe.

Makabrasha yakija usisome kila ukurasa, hutaweza. Pitia ajenda, tafuta kipengele cha mambo ya kupitishwa bila mjadala, hapo soma kwa makini kuliko pengine popote kwasababu ndo kitu kizito hujificha humo. Mfano unakuta mstari mmoja "marekebisho madogo ya kanuni za mitihani", ukifungua kiambatisho unakuta mwanafunzi aliyefeli masomo mawili sasa anaondolewa chuo badala ya kurudia mtihani. Hiyo sio ndogo! Una haki ya kuomba kipengele kitolewe humo kijadiliwe, mwandikie katibu kabla ya kikao au sema mwanzoni kabisa ajenda inapothibitishwa. Baadaye umechelewa.

Ukileta hoja yako iandike ili ikipita mtu ajue kesho afanye nini. "Seneti iangalie suala la wingi wa wanafunzi darasani" haina maana, itapokelewa na kufa. Andika "kwamba seneti iielekeze kamati ya mitaala ilete kwenye kikao kijacho pendekezo la idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila darasa la maabara". Nani, nini, lini. Tafuta wa kukuunga mkono kabla, na usiilete kwenye mengineyo mwishoni mwa ajenda, saa hiyo watu wanafungasha mikoba na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, inaweza kuwa imevunjika, mtu mmoja akiomba wahesabiwe basi kura yako haipo.

Wakikwambia irudishwe kwa kamati usinune, uliza kamati ipi na italeta majibu lini, na hakikisha katibu ameandika tarehe. Kumbukumbu za kikao zikitoka soma sehemu yako neno kwa neno, kama si ulichosema peleka sahihisho kabla hazijathibitishwa, na kikao kinachofuata kwenye yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa mambo ya kikao kilichopita, nyoosha mkono uulize imefikia wapi. Waliokuchagua waandikie ujumbe mfupi kila baada ya kikao, nini kimepita na nini kimekwama, ila majina ya wanafunzi wenye kesi na matokeo ambayo hayajatangazwa hayatoki humo ndani.