Kutengeneza mapambo ya kioo kwa tanuri: anza na masalia ya dirisha

Watu wengi wanaotaka kuanza kutengeneza sahani, bakuli na mapambo ya kioo kwenye tanuri la umeme huwa wanauliza kwanza kuhusu rangi, mimi naona swali la kwanza liwe kioo chenyewe kimetoka wapi. Kioo kikipata moto kinatanuka na kikipoa kinasinyaa, na kila aina ina kiwango chake, sasa ukiunganisha vipande viwili vya viwango tofauti vitashikana vizuri tu ndani ya moto, alafu vikianza kupoa kimoja kinasinyaa zaidi ya mwenzake na hapo ndo ugomvi unaanza, kazi inapasuka siku hiyohiyo au inakuja kupasuka wiki ijayo ikiwa imekaa zake kabatini. Hamna gundi wala moto utakaookoa hiyo.

Ndo maana wenzetu wa Marekani na Ulaya wananunua kioo maalumu kilichopimwa kiwandani, kwa mfano cha kampuni ya Bullseye ya Portland, Marekani, kinachojulikana kwa namba 90, au vile vya namba 96, namba ndo kiwango cha kutanuka, na hizo namba hazichanganywi. Ni vioo vizuri sana na rangi zake zinapendeza, ila kuagiza, kusafirisha kitu kinachovunjika na kulipia ushuru ni gharama kubwa kwa anayeanza. Ushauri wangu nenda kwa fundi wa aluminiamu mtaani kwako umwombe masalia ya vioo vya dirisha vya milimita 3 au 4, wengi wanayatupa. Siku hizi vioo hivyo vinatengenezwa hadi Mkuranga mkoa wa Pwani kwa hiyo havijatoka mbali. Kitu muhimu ni vipande vya kazi moja vitoke kwenye shiti moja, hapo una uhakika vinaendana bila kupima chochote. Chupa nazo ni hivyohivyo, vipande vya chupa moja vinaendana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini chupa ya kijani na ya kahawia usizichanganye mpaka upime.

Na hii sio kazi ya kujaribisha tu, kule Kitengela nje ya Nairobi karakana ya mpuliza kioo Anselm Croze imekuwa ikiyeyusha masalia ya vioo vya dirisha na kupuliza glasi na jagi zinazouzwa hadi kwenye mahoteli, na Arusha kwenye karakana iitwayo Shanga wanatumia chupa zilizotumika. Wao wanapuliza, sisi hapa tunaongelea tanuri, ila kioo ni kilekile.

Vya kuacha kabisa ni kioo cha mbele cha gari kwa sababu kina plastiki katikati, vioo vya kujitazamia vyenye rangi nyuma, bakuli za kioo za kuokea kwenye oveni, na kioo cha televisheni za kichogo ambacho kina madini ya risasi. Kioo kigumu cha milango ya bafu au vioo vya pembeni vya gari hakikatiki, ukijaribu kukikata kwa almasi (kikatio cha kioo) kinamwagika chote kuwa punje.

Kupima kama vioo viwili vinaendana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kipande kirefu cha kioo kisicho na rangi, weka juu yake vijipande vidogo vya kile kioo kingine, choma mpaka vizame, pumzisha vizuri (nitaeleza chini). Kikishapoa washa laptopu ya skrini ya LCD iwe nyeupe tupu, vaa miwani ya jua ile ya polaroidi, inamisha kichwa upande mpaka uone skrini imekuwa nyeusi, alafu weka kioo chako katikati. Ukiona mwanga unang'aa kuzunguka kile kijipande basi kuna mvutano, usivitumie pamoja. Kukiwa giza tupu, endelea na kazi yako.

Sasa tanuri. La kuchomea vioo lina waya za moto juu kwenye mfuniko ili joto lishuke sawasawa juu ya kioo chote, la vyungu lina waya pembeni. La vyungu linafaa pia, ila weka kioo mbali na kuta na upandishe joto taratibu zaidi kwa sababu kingo zinawahi kupata moto kabla ya katikati. Kitu ambacho usikubali kukikosa ni kontrola ya dijitali yenye themokapo (kihisi cha joto) aina ya K inayokubali programu ya hatua kadhaa, kwa kazi hii swichi ya juu-chini haitoshi. Tanuri liwe na laini yake ya umeme na breka yake, fundi umeme aliyesomea ndo afunge, usichomeke kwenye ekstensheni.

Kioo cha moto kinashika kila kitu kwa hiyo shelfu lazima iwe na kinga. Ipo karatasi ya faiba ya kuagiza, na upo uji wa kupaka ambao unaweza kuchanganya mwenyewe, nusu unga wa alumina haidreti nusu kaolini (ule udongo mweupe, tunao, milima ya Pugu karibu na Dar inajulikana kwa huo), koroga na maji iwe nyepesi kama maziwa, paka kwa brashi laini mara nne tano ukibadilisha mwelekeo, acha ikauke kabisa. Ukichoma kwa joto kubwa inabidi uikwangue na kupaka upya, maana iliyokwishachomwa sana inaganda chini ya kioo. Wakati wa kukwangua vaa barakoa ya N95 na fanya kazi nje, usiruhusu watoto wawe karibu, na usifagie vumbi likiwa kavu, futa kwa kitambaa kilicholowa. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki, na mtu hagundui mpaka miaka imepita.

Kukata, chovya almasi yako kwenye mafuta ya taa kidogo, kandamiza kwa nguvu ya wastani na upitishe mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, utasikia kama kitambaa kinachanika. Usirudie mstari hata kama unaona haukukolea, kurudia kunaharibu kikatio na kioo kitavunjika kinavyotaka. Baada ya hapo vunja papohapo kwa mikono miwili au koleo, usiache mstari ukae. Miwani ya kinga na viatu vya kufunika, kandambili hapana. Osha vipande vyote, kausha kwa kitambaa kisicho na nyuzi, shika kwa kingo, maana alama ya kidole ikiingia motoni inabaki hapo milele.

Jambo lingine linalowashangaza wengi ni kwamba kioo kikiyeyuka kabisa kinataka kuwa na unene wa kama milimita 6 hivi. Ukiweka shiti moja ya milimita 3 na kuipeleka moto mkubwa itajikunja na kusinyaa pembeni, kingo zinakuwa na vinundu na vichomo kama sindano, na ukiweka nene sana itatambaa na kumwagika kwenye shelfu. Kwa hiyo bamba mbili za milimita 3 au 4 ndo mahali pazuri pa kuanzia. Katikati yake unaweza kuweka waya mwembamba wa shaba, unatoka na rangi ya damu ya mzee inayopendeza sana, au unga wa maika (madini yanayometameta), au kusaga masalia ya shiti hiyohiyo ukawa na punje za kunyunyizia (saga kwenye kinu cha chuma umejifunika barakoa, alafu pitisha sumaku kuondoa chembe za chuma).

Kioo cha dirisha kina upande mmoja ulioelea juu ya bati iliyoyeyuka kiwandani, na upande huo ukibanwa wakati wa kukunjwa unaweza kutoa ukungu. Ukiwa unatengeneza bakuli, upande wa bati uangalie chini. Kuutambua unahitaji taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, unang'aa kama maziwa, zile za kukagulia noti nyingi ni za mawimbi marefu na hazikuonyeshi. Usiitazame hiyo taa kwa macho matupu.

Tatizo kubwa zaidi la kioo cha dirisha ni kupoteza mng'ao, kinatoka na utando mweupe unaokwaruza kama kimechakaa. Dawa ni boraksi, ileile wanayotumia masonara na wachimbaji wadogo wa dhahabu, yeyusha kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, paka juu kidogo sana kwa brashi na uache ikauke kabla ya kuwasha.

Programu ninayoipenda kwa bamba mbili za milimita 4 iko hivi, nyuzi zote ni za Selsiasi. Panda kwa 120 kwa saa hadi 600, usiwe na haraka hapa kwa sababu kioo baridi kikishtuliwa na joto kinapasuka vipande vikubwa, kisha 80 kwa saa hadi 680 ukae nusu saa ili bamba la juu lilale na hewa itoke pembeni, ukiruka hapo utapata mapovu. Baada ya hapo panda haraka hadi 830 ukae dakika 10 hadi 15, unachungulia kwa tundu na miwani ya kinga, kingo zikishakuwa za mviringo na uso umetulia basi. Ukitaka vipande vya juu vibaki vimeinuka uvisikie kwa kidole ishia kama 760 hadi 780. Kisha acha ishuke haraka hadi 550, hiyo haraka inasaidia kukwepa ule utando.

Na hapo kwenye 550 ndo moyo wa kazi yote, kupumzisha kioo. Kaa hapo saa moja na nusu ili joto la ndani na la nje ya kioo liwe moja na mvutano uishe, alafu shuka kwa 50 kwa saa hadi 370, kisha 100 kwa saa hadi karibu na 100, zima na uache lipoe lenyewe na mfuniko umefungwa. Watu wanaona kioo kimeshaungana na kinapendeza wanaona hizi saa za mwisho ni kupoteza umeme wa Luku, wakati kimahesabu tanuri hapo linatumia kidogo, kontrola inawasha na kuzima tu. Bamba likiwa nene mara mbili usiongeze muda mara mbili, ongeza zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya kioo kinene joto linachelewa kutoka.

Umeme ukikatika katikati usifungue, hata kidogo. Ukirudi tanuri bado liko juu ya 550 endelea na hatua ya kupumzisha, likiwa limeshuka zaidi ya hapo lipandishe taratibu kwa ule mwendo wa 120 hadi 550 na uanze kupumzisha upya, kioo hakina kinyongo kikipumzishwa mara ya pili. Ukirudi asubuhi wakati kila kitu kimeshapoa, kipime kwa miwani na laptopu kabla ya kukiuza.

Bamba lako likishatoka zuri unaweza kulilaza kwenye moldi likawa bakuli, huo ni mchomo wa pili na moto wake ni mdogo, 690 hadi 720, chungulia kila baada ya dakika chache, ukishaona limekaa shusha. Moldi ya udongo usiopakwa gilezi (ule mpako wa kung'aa) kutoka kwa mfinyanzi inafaa sana, ichomwe kwanza ikiwa tupu taratibu mpaka 750 kutoa unyevu wote, itobolewe tundu dogo chini la kutolea hewa, ipakwe ule uji. Kumbuka hili, udongo kioo kinaingia ndani yake, chuma cha pua kioo kinafunikwa juu yake. Chuma kinasinyaa kuliko kioo kwa hiyo kikipoa kinajitoa chenyewe, lakini ukifunika kioo juu ya chungu, kioo kitasinyaa na kukikumbatia chungu mpaka kipasuke.

Kama tanuri la umeme bado liko mbali na mfuko wako, angalia wanavyofanya Wakrobo wa Ghana. Wanatwanga chupa kuwa unga, wanajaza kwenye moldi za udongo zenye vishimo zilizopakwa kaolini, katikati ya kila kishimo wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo, wanaingiza kwenye tanuri la udongo la kuni. Unga unashikana na kikonyo kinaungua, tundu la uzi linabaki. Shanga zikishapoa wanazisugua kwa mchanga na maji juu ya jiwe mpaka zing'ae. Vikonyo vya kisamvu tunavyo, chupa tunazo, na shanga ni ndogo kwa hiyo hazisumbui sana kwenye kupoa, zifunike tu na uziache mpaka zipoe zenyewe.

Kingo za sahani zikibaki kali zisugue kwa msasa wa maji, anza na namba 120, kisha 220, 400, muda wote kioo kiwe kimelowa, osha, alafu rudisha tanurini mpaka kama 720 kwa dakika 10 na upumzishe tena kama kawaida, zinatoka laini na zinang'aa. Sahani yenye waya wa shaba uliojitokeza pembeni, au iliyopakwa rangi ambayo huna uhakika nayo, iuze kama pambo la ukutani na umwambie mnunuzi wazi kwamba sio ya chakula.