Nguru, wahuu au mzia? Fuata mstari wa ubavuni

Mwili mrefu, meno makali, ubavu wa fedha wenye milia: ukiwaona kwa haraka, samaki hawa watatu utadhani ni ndugu. Milia isikushughulishe kwanza. Ile ya wahuu (Acanthocybium solandri) hung'aa bluu akiwa hai, kisha hufifia upesi akifa. Nimewahi kumwita nguru mbele ya watu, nikachekwa.

1. Mwondoe mzia. Mapezi yake mawili ya mgongoni yameachana mbali, na hana vile vipezi vidogo vinavyopangana hadi mkiani kama meno ya msumeno. Nguru na wahuu wanavyo, juu na chini.

2. Simamisha pezi la kwanza la mgongoni, uhesabu miiba. Nguru (Scomberomorus commerson) ana 15 hadi 18, wahuu 23 hadi 27. Pezi likiwa limechanika, usipoteze muda hapa.

3. Sasa mstari wa ubavuni, ule mmoja mwembamba unaotoka kichwani hadi mkiani. Anzia nyuma ya shavu, ufuate kwa kidole kuelekea mkiani. Kwa nguru unakwenda bila kushuka sana mpaka chini ya mwisho wa pezi la pili, halafu unaporomoka ghafla. Kwa wahuu unaporomoka mapema, chini ya katikati ya pezi la kwanza. Samaki afe, alale kwenye barafu siku nzima, mstari uko palepale. Kama una nafasi ya kuangalia kitu kimoja tu, angalia huu.

4. Bado una shaka? Funua shavu. Kwenye matao ya matamvua, yaani mifupa iliyopinda inayoyabeba, nguru ana vijiti vichache vya kuchujia. Wahuu hana hata kimoja. Vaa glavu: meno yale ya pembetatu hukata hata samaki akiwa amekufa.

5. Milia ije mwisho. Nguru mkubwa ana 40 hadi 50, myembamba, yenye mawimbi. Mdogo huwa na chini ya 20, kwa hiyo usidhani ni samaki mwingine.

Kuhusu tabia: nguru hana kibofu cha hewa, kwa hiyo akiacha kuogelea anazama. Chambo kinachokokotwa humvuta sana. Wahuu ni mwepesi zaidi ya unavyodhani: vipimo vilivyochapishwa 1964 vilimpa takriban kilomita 77 kwa saa, kwa mbio fupi. Yeyote kati yao, funga waya mbele ya ndoana, la sivyo utavuta uzi mtupu.