Akiba ya dola: namna ya kujua ngapi tayari zina mwenyewe

Benki kuu ikitangaza akiba ya fedha za kigeni imefika bilioni kadhaa watu wanagawanya kwa gharama ya kuagiza bidhaa, wanasema inatosha miezi minne, mjadala umeisha. Shida ni kwamba ile namba haikwambii dola ngapi zimeshaahidiwa kwa wengine na zitatoka ndani ya mwaka mmoja, kwahiyo unaweza kujikuta unashangilia hela za watu.

Tafuta jedwali la akiba na ukwasi wa fedha za kigeni (ukwasi ni fedha inayoweza kutumika upesi), lile lililoanzishwa na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1999. Nchi zinazolitoa huwa zinalitoa kila mwezi, lipo kwenye tovuti ya IMF na mara nyingi hata ya benki kuu yenyewe. Lina sehemu 4: mali yenyewe, madeni ambayo tarehe zake zinajulikana, madeni ya "ikitokea", na maelezo ya ziada.

Ruka ya kwanza kwa sasa, nenda sehemu ya 2. Utakuta safu za muda: ndani ya mwezi 1, mwezi 1 hadi 3, miezi 3 hadi mwaka. Hapa kinachohesabiwa ni muda uliobaki, sio muda ambao deni lilikopwa, yani bondi (hati fungani) ya miaka 10 iliyobakiza miezi 5 kuiva, kufika siku ya kulipwa, imo humu pamoja na riba yake. Na haijalishi anayedai ni mgeni au benki ya humohumo ndani, ilimradi analipwa kwa fedha za kigeni.

Mstari wa fowadi na swapu ndo usome taratibu kuliko yote. Fowadi ni kukubaliana leo kuuza au kununua dola siku ya mbele kwa bei iliyopangwa, swapu ni kubadilishana fedha sasa na kuahidi kurudishiana baadaye. Tuseme benki kuu ina bilioni 8, ikachukua bilioni 2 kutoka benki za biashara kwa swapu na kuahidi kuzirudisha baada ya miezi 3. Sehemu ya kwanza sasa inasoma 10 na kwenye habari wataandika akiba imepanda, ila ukishuka sehemu ya 2 unakuta minus 2 imekaa palepale. Toa na bondi na riba za bilioni 3 zinazoiva mwaka huo, inabaki 5. Hiyo 5 ndo namba ya kubishania.

Thailand ilipita hapo 1997. Akiba iliyotangazwa ilikuwa bilioni 30 na ushee, kumbe benki kuu katika kuitetea sarafu yake, baht, ilikuwa imeahidi kuuza dola kwa fowadi, na ilipokuja kusema hadharani mwezi Agosti ikawa zaidi ya bilioni 23. Baht ilishaachiwa ielee, yani bei yake ipangwe na soko, tangu tarehe 2 Julai. Jedwali lenyewe limezaliwa kutokana na mambo kama hayo.

Sehemu ya 3 ipitie haraka tu: dhamana ambazo serikali imewawekea wengine, bondi ambazo mwenye nazo anaweza kudai hela yake kabla ya muda, na mikopo iliyoahidiwa ila haijachukuliwa. Hizi usizitoe zote moja kwa moja maana huenda hazitatokea, ila ikiwa kubwa ukilinganisha na kile kilichobaki, iandike pembeni.

Sehemu ya 4 wengi hawafiki. Angalia deni la muda mfupi linalolipwa kwa fedha ya ndani lakini thamani yake inafuata dola. Mexico 1994 ilikuwa na bondi za serikali za namna hiyo zilizoitwa tesobono, zinalipwa kwa peso, sasa mwekezaji aliyeogopa akishashika peso zake anaenda wapi? Kununua dola. Kwenye hesabu za sehemu ya 2 deni la hivyo halionekani kabisa.

Sasa rudi sehemu ya kwanza uone hiyo mali imekaa kwenye nini. Hati fungani zinazouzika na amana kwenye benki za nje ni sawa, lakini amana iliyowekwa kwenye matawi ya nje ya benki za nchi hiyohiyo iulize mara mbili, Korea Kusini 1997 dola zilikwama huko wakati zinahitajika.

Kingine, jedwali linahusu benki kuu na serikali kuu tu. Madeni ya kampuni na benki binafsi hayamo, hayo yatafute kwenye takwimu za deni la nje, chukua yanayoiva ndani ya mwaka. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba akiba iweze kulipa deni lote la nje la mwaka mmoja bila kukopa upya, na mimi hapo naweka ile 5, sio ile 10, ila naipima na madeni ya binafsi tu maana ya serikali nimeshayatoa.