Somo: Kwenda Kigongo–Busisi kwa boti yako na kurudi kabla upepo haujaamka

Wadau, tangu Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi) lifunguliwe Juni 2025 kila mtu keshalivuka kwa gari. Kulipita kwa chini ni starehe nyingine kabisa. Ghuba ya Mwanza, mkono wa Ziwa Victoria, ni nyembamba na ndefu, karibu kilomita 60, na pwani zote mbili unaziona njia nzima. Ndiyo maana watu huidharau.

Hatua ya 1: panga kwanza kurudi. Hili ndilo somo lenyewe. Mdomo wa ghuba uko kaskazini, daraja liko kusini. Asubuhi maji hutulia. Jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuingia ghubani, na wewe unayerudi mjini unaupokea usoni pamoja na mawimbi yake mafupi mafupi yanayopiga omo (mbele ya boti) bila kukupa nafasi ya kupumua. Basi ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano uwe njiani kurudi, umeshakaribia Capri Point, rasi ya mjini Mwanza. Jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wa ziwa, si ule wa jiji.

Hatua ya 2: chombo. Kiwe kimekaguliwa na kusajiliwa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Kila mtu jaketi okozi, na alivae. Lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Makasia mawili, nanga na kamba ndefu, kopo la kuchotea maji, mtungi wa kuzimia moto, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Petroli igawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, la dharura. Kamba ya kuzimia injini ifunge mkononi.

Hatua ya 3: kutoka mjini. Taratibu. Miamba ya Mwanza haiishii ufukweni, na tangu ziwa lifurike 2020 na tena 2024, mingine iliyokuwa ikionekana imezama kidogo tu, kiasi cha kukata pangaboi. Kati ya Capri Point na kisiwa cha Saanane mweke mtu mmoja mbele aangalie maji.

Hatua ya 4: Luchelele hadi Kigongo. Hapa sasa kuna mambo mawili. Kwanza nyavu: madumu na chupa zinazoelea kwa mstari si takataka, zunguka mbali. Pili magugu maji, ambayo mwanzoni mwa 2025 yalisumbua hata vivuko pale Kigongo. Ukiona zulia la kijani usilikate katikati. Likikukamata, utasikia injini inaguna, na ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini unakonda. Zima papo hapo, inua injini, toa majani kwa mkono. Ukiendelea kulazimisha, injini itachemka na utarudi kwa kasia.

Hatua ya 5: chini ya daraja. Pita kwenye uwazi mpana wa katikati, penye minara yenye nyaya. Usifunge boti kwenye nguzo. Ukikutana uso kwa uso na chombo kingine, kila mmoja aende kulia. Mazoea ya kushoto ya barabarani yaacheni barabarani.

MASWALI

*Mkuu, nina injini ya nguvu farasi 15 tu. Nitafika?*
Kufika utafika. Punguza abiria, ondoka mapema zaidi, na ukiona maji yameanza kuchafuka ukiwa Luchelele, geuza. Daraja halihami.

*Nimeona video za Ulaya, boti inaingia kwenye chumba cha maji, lango linafungwa, inapandishwa. Huku kwetu malango hayo yapo?*
Hayapo, kaka. Malango yale hutumika pale ambapo maji ya upande mmoja yako juu kuliko ya upande wa pili. Chumba hujazwa au kupunguzwa maji kwa uzito wa maji yenyewe, bila pampu. Panama huinua meli hivyo kiasi cha mita 26. Ziwa letu ni uso mmoja kutoka Mwanza hadi Bukoba hadi Kisumu. Maji hushuka pale Jinja, Uganda, tu, Mto Nile unapotokea, na bwawa lililojengwa pale mwaka 1954 ni la umeme, halina njia ya boti.

*Watoto wanaweza kuogelea tukisimama?*
Dada, mimi wangu siwaruhusu. Penye matete kando ya ufuko ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na mamba pia hupapenda.

*Na kwenda usiku, tuone taa za wavuvi wa dagaa?*
Taa utaziona vizuri sana ukiwa ufukweni. Majini usiku huoni wavu wala gogo, na ngurumo za ziwa hili hupenda usiku.

*Kurudi tunaweza kushuka Saanane?*
Mnaweza, ila ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ina kiingilio. Malizeni malipo ya TANAPA (Hifadhi za Taifa) kabla ya kuondoka mjini, na mshukie gatini kwao, msichague jiwe lolote.