Viza ya mashamba Uingereza: usikubali kuhamishwa bila skimu kujua

Wakenya wenzangu na majirani mnaoulizia kazi ya kuchuma stroberi huku, mambo ya pasipoti na eCitizen mnayajua. Wakala muangalieni NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, kama ana leseni. Mkataba usomeni wote. Basi, mimi nataka tuongee kuhamishwa shamba.

Viza ni miezi 6, haiongezwi, huwezi kuigeuza ya kazi nyingine, na mke na watoto huwezi kuwaleta. Halafu aliyekudhamini si mkulima, ni skimu, ile kampuni iliyokuleta, mkulima ni mahali tu umewekwa. Hapo ndipo watu wanaumizwa. Sisi mvua ilipoharibu matunda supavaiza akatupakia kwenye van akatupeleka kwa rafiki yake anayefungasha mboga, alikuwa na uhaba mkubwa wa watu, analipa keshi, akatuambia skimu inajua. Skimu haikujua. Uhamiaji walipoingia wakauliza nani amewaruhusu hapa, supavaiza anapigiwa simu hashiki. Viza yangu ikakatwa kabla ya muda na loan ya Sacco bado ipo.

Na mwenye ile kampuni ya mboga akakana kabisa, kwa sababu tangu Februari 2024 akipatikana na mtu asiye na ruhusa faini inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, akirudia 60,000. Kwa hivyo shida yake ya watu isikudanganye, siku ya msako hakujui.

Narudia tena. Kuhama kunaruhusiwa, lakini unaomba skimu, na jibu liwe kwa maandishi, upige screenshot. Foreman akikwambia twende, hapana. Mkenya mwenzako aliyekaa huku miaka akikwambia wote wanafanya hivyo, hapana. Na kama kazi imepungua, kabla hujaenda popote uliza masaa yako, tangu Aprili 2023 unatakiwa kulipwa angalau masaa 32 kwa wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo sisi hatukuambiwa na mtu.

Mama zetu na wajomba, tafadhali, kijana akisema mwezi huu pesa ni kidogo msimwambie atafute kibarua cha pembeni, hicho cha pembeni ndicho kinamrudisha nyumbani na deni. Na msiuze shamba kwa ajili ya miezi 6 jamani.

Hawa Waingereza nao siwaelewi. Walitoka Umoja wa Ulaya, Waromania na Wabulgaria wakapungua, viza za mashamba zikaanza 2,500 mwaka 2019 na sasa ni zaidi ya 40,000 kwa mwaka, kwa sababu bila sisi matunda yanaoza shambani, lakini ukiwasha TV jioni ni wageni wamezidi. Stroberi tulizochuma ziko mezani kwao wakati wanasema hivyo, na hilo linaniuma sana.

Ukifika tu, barua ya skimu yenye jina la shamba lako ipige picha utume kwa mtu nyumbani, na namba ya ofisi yao iandike kwenye karatasi, simu huwa zinachukuliwa.