Namna ya Kuandika Filamu ya Vichekesho vya Mapenzi Yenye Uongo wa Kazini

Anayetaka kuandika filamu ya aina hii na aanze na kazi yenyewe, kabla hajawafikiria wapenzi. Uongo unaoweza kubeba filamu nzima ni ule ambao mhusika angeukiri angepoteza kitu cha ofisini. Katika The Proposal ya mwaka 2009, mhariri mwenye cheo kikubwa, raia wa Kanada, yuko hatarini kuondolewa Marekani, basi anamlazimisha msaidizi wake ajifanye mchumba wake, naye msaidizi anakubali kwa sharti la kupandishwa cheo. Kila mmoja amemshika mwenzake pabaya, ndiyo sababu mtazamaji haulizi kwa nini hawasemi kweli mapema.

Kwetu Uganda mifano haiko mbali. Chukua ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, yanakopita malori yatokayo bandari ya Mombasa. Meneja ametumwa kutoka Kampala. Katika barua ya kuomba kazi aliandika kwamba Kiswahili anakijua vizuri, kumbe anajua salamu tu. Mteja wa Mombasa anapopiga simu, meneja humpa karani wake, kijana aliyekulia mpakani, ajibu kwa jina la bosi. Mteja huyo ni mwanamke mwenye malori yake, mcheshi, na baada ya mwezi mmoja anapiga hata siku ambazo hana mzigo njiani. Jina analolijua ni la mtu mmoja na sauti anayoipenda ni ya mwingine.

Kinachofuata ni kuamua nani anajua nini, na tangu lini, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza, kwa kuwa wanaificha siri ili wamshtue mtazamaji mwishoni. Mtazamaji ajue mapema. Katika The Shop Around the Corner, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch mwaka 1940, wauzaji wawili wa duka moja mjini Budapest hugombana mchana bila kujua kwamba wao ndio wanaoandikiana barua za mapenzi. Mwanamume anagundua kwanza, kisha anaketi mkahawani mbele ya mwanamke asijitambulishe, na tangu hapo kila neno linasikika kwa maana mbili. Kicheko na huruma vinatoka kwetu tunaojua.

Sasa mlete mteja Malaba bila taarifa. Meneja anasimama na kusema, "Shikamoo, mama," ilhali mwanamke ni wa rika lake, na jana usiku kwenye simu aliitwa kwa jina lake. Anajibu "Marahaba" polepole, huku akimtazama usoni. Karani yuko kando ya kabati la mafaili, na hawezi kufungua kinywa kwa sababu sauti yake itamtambulisha. Anapoulizwa kama kuna maji ya kunywa, anaonyesha birika kwa kidole. Andika vitendo hivyo kwanza, kisha mazungumzo, kwa sababu nguvu ya onyesho hili iko katika maneno yasiyoweza kusemwa.

Kufichuka kwa uongo nako kutokane na kazi. Katika Working Girl ya Mike Nichols ya mwaka 1988, katibu muhtasi aliyejifanya bosi anaokolewa na jambo moja: yeye anaweza kueleza wazo la biashara alilipata wapi, na bosi wake hawezi. Basi kontena la mteja lizuiwe mpakani kwa kosa la nyaraka, lori lilale barabarani, na awe karani peke yake anayejua la kufanya, hata alazimike kushika simu na kuzungumza mbele ya mwanamke. Hapo sauti inamfichua.

Usimfanye bosi kuwa mpenzi wa mfanyakazi anayemlipa mshahara, ila kama uko tayari kuonyesha uzito wa jambo hilo. Hofu ya kufukuzwa kazi si mapenzi, na muziki mtamu haubadilishi hilo. Mwanamke naye asisamehe katika onyesho lile lile. Mpe kurasa kadhaa za hasira, aondoke na lori lake hadi Mombasa, ahamishe mizigo yake kwa wakala mwingine. Kisha yeye ndiye apige simu ya mwisho, na kabla ya salamu aulize jina la anayepokea.