Kasha la marehemu: kuamua kipi kibaki na kipi kiende

Nyumba ya Mji wa Kale ikirithiwa, ugomvi wa kwanza huwa wa vyumba na wa pili huwa wa kasha. Ndani mna hati, picha, kanda za kaseti, barua za herufi za Kiarabu, pengine juzuu zilizoachana kurasa. Mmoja asema vyote ni urithi, visiguswe. Mwingine keshaita mkokoteni. Wote wawili wameikwepa kazi ile ile, nayo ni kuchagua. Katika hewa ya Mombasa, vitu mia mbili vilivyobanana kasha moja huoza pamoja, hali ishirini vilivyochaguliwa vingewekwa pakavu vikapona.

Fanyeni kazi hii wakati wa kaskazi, kati ya Januari na mwanzo wa Machi. Ukungu humea unyevu wa hewa ukikaa juu ya takriban asilimia 65 hadi 70, na masika hupita hapo bila taabu. Siku ya kwanza msitupe kitu. Pangeni kwa aina, mhesabu, muandike daftarini kila kitu kilikuwa wapi na pamoja na nini. Barua iliyokutwa ndani ya bahasha ya picha yaweza kuwa ndiyo inayoeleza picha yenyewe. Mkizitenganisha bila kuandika, mmeshapoteza nusu ya habari. Kilicholowa au chenye wadudu kitengwe saa ile ile.

Aina mbili hazina mjadala. Hati za ardhi, wakfu, ndoa na mirathi zibaki zote, hata kipande kilichochanika. Ardhi nyingi ya pwani ilidaiwa na kusajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, na kesi za mipaka hazijesha mpaka leo. Kurasa za Msahafu zilizochakaa nazo haziendi jaani: mwoneni imamu wa mtaa, zifukiwe mahali safi pasipokanyagwa au zichomwe kwa adabu.

Yaliyosalia yapitisheni kwenye maswali matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: kiko kimoja tu? Hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa macho huvutwa na kilicho kizuri. Kanda ya taarab iliyouzwa madukani ina ndugu zake katika nyumba nyingi. Kanda ya harusi iliyorekodiwa uani, kuku wakilia na bibi mmoja akikatiza wimbo kwa vigelegele, haina nakala popote. Ya pili ndiyo ya kuokolewa kwanza, hata ikikoroma. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki 1840, tunayo mengi kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi katika karatasi zake. Waliokuwa wakiyaimba hawakuona haja ya kuyaandika, maana kila mtu aliyajua.

La pili: kinasema nini ambacho kingine hakikisemi? Picha isiyo na jina nyuma si lazima iwe bure. Huenda sura haijulikani, lakini baraza, mlango na bango la duka nyuma yake vyatambulika. Kaeni na wazee wawili, kila mmoja peke yake, muwaonyeshe. Wakikubaliana andikeni jina. Wakipingana andikeni majina yote mawili na nani kasema lipi. Tumieni penseli laini ya 2B, pembeni, nyuma ya picha. Kalamu ya wino hupenya mpaka usoni. Tarehe ya hijria igeuzeni hivi: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1310 hutoa 1892 na ushei, na kweli ulianza Julai 1892.

La tatu: nani atakitunza, na kwa nini? Mwanahistoria wa sanaa wa Austria, Alois Riegl, aliandika mwaka 1903 kwamba kitu cha kale kina thamani za namna nyingi zinazogombana: ya umri, ya historia, ya matumizi. Ukitaka umri uonekane, utakiacha kizeeke. Ukitaka kitumike, huna budi kukitengeneza. Mlango wa nakshi ni mfano wa karibu. Unaofungwa na kufunguliwa kila siku utahitaji bawaba na kitasa vipya. Ukiusugua ung'ae umefuta alama za mikono ya karne nzima. Semeni wazi mnaitaka thamani ipi, kisha fundi aambiwe. Na jueni kwamba mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 hulindwa na sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006. Mnunuzi akija na pesa mkononi na lori nje, nendeni kwanza Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus.

Kukiacha kitu mahali pake nako ni uamuzi. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Wachimbuzi waliichimba kati ya 1977 na 1980, wakatoa vyombo vilivyokuwemo, lakini mbao za gamba la merikebu walizipima, wakazichora, wakazifukia tena baharini. Mti uliokaa majini muda huo ukitolewa bila dawa na bila matunzo ya miaka hupasuka na kujikunja.

Baada ya maswali, wekeni mafungu manne: kibaki, kinakiliwe kisha kiende, kiende, na bado. Fungu la bado lipewe tarehe ya mwisho, mwaka mmoja, la sivyo litalimeza kasha lote.

Kunakili kuna ufundi wake. Picha ya saizi ya kawaida ichanganuliwe kwa nukta 600 kwa inchi, ya pasipoti kwa 1200. Kanda: vunjeni kwanza vimeno viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Safisheni kichwa cha redio kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, pelekeni kanda mwisho na kuirudisha mara moja, kisha chezeni. Yenye unga mweupe wa ukungu isichezwe, kwani itaambukiza mashine na kanda zinazofuata. Sauti ikififia, huenda kitambaa kidogo cha kubania utepe kimebanduka. Hamisheni utepe kwenye ganda lingine lenye skrubu. Hifadhini kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa: dakika 60 hula takriban megabaiti 600. MP3 muwatumie jamaa kwenye simu, isiwe nakala mama. Nakala ziwe tatu, mojawapo nje ya nyumba hiyo.

Karatasi zisipigwe laminesheni wala selotepu, gundi hugeuka kahawia na haitoki. Toeni pini na mipira ya kufungia. Zenye wadudu zifungeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ziwekwe friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkizitoa, ngojeni saa 24 kabla ya kuufungua mfuko, la sivyo jasho la hewa litazilowesha. Boksi likae sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, maana mawe ya matumbawe hunyonya maji.

Kila kinachokwenda kiandikwe pia: ni nini, kimeenda wapi, nani kaamua, kwa sababu gani. Mstari mmoja watosha. Na barua za siri, za talaka au za madeni ya walio hai, zisisomwe mbele ya ukoo. Ziwekeni bahasha, mzigundishe, muandike juu yake mwaka wa kufunguliwa na jina la atakayeishika.